Herufi Alizozikuza Joseph

Temeke, Jumatano

Sijui nicheke au nilie.

Tangu Joseph, fundi wetu wa kompyuta, ahamishiwe Mwanza, kompyuta ya ofisini inanitesa. Kila nikifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, linatokea dogo, herufi kama sisimizi. Na macho yangu haya! Joseph alikuwaga anakuja mezani kwangu kila asubuhi, anainama, anazikuza, tunaongea kidogo, kisha anarudi kwenye kazi zake. Mwaka mzima.

Leo nimemwita fundi mpya. Akachagua ukubwa wa herufi, akapanua dirisha, akahifadhi.

"Tayari, dada. Kuanzia sasa litafunguka hivihivi."

"Kila siku? Bila kurekebisha tena?"

"Ndiyo, ni kazi ya mara moja tu. Kwani yule aliyekuwepo hakukuonyesha?"

Nikamjibu kwamba hakujua. Uongo mtupu. Joseph ndiye aliyetufundisha kompyuta ofisi nzima.

Alijua. Na mie mwaka mzima nikidhani anafuata herufi.

Kesho namwandikia barua. Sijui nitaanzaje, ila sitaanza na habari za kazi.