Kiti cha Mwalimu Siku ya Mashindano

Compensa,
Manaus.
Jumatatu, 10 Septemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Edivan,

Hujambo huko Abu Dhabi? Mkeo Marineide naye hajambo? Na Ruan wenu, ameshapata marafiki shuleni au bado anarudi kimya? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti hili, na mvua zenyewe hata hazijaanza. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Juma lililopita nilijisahau nikapika samaki tambaqui wa watu wanne, nikamla peke yangu mpaka Alhamisi.

Ulitaka nikupe ukweli wa mashindano ya watoto wetu wa jujitsu. Sijasahau ulivyosema ulipokuwa unaondoka: wakifanya vibaya, tuwakabidhi kwa ile akademia kubwa ya mjini, nami nipumzike. Nipumzike nifanye nini, Edivan? Nikae dirishani nihesabu paka wa jirani? Hata hivyo sitakudanganya.

Tulipeleka watoto kumi na wawili, tukarudi na medali nne. Mwaka jana, ulipokuwepo, zilikuwa tisa. Haya, nimesema.

Sasa sikiliza sababu. Mbinu wanazo. Wakiwa chini wanacheza vizuri kuliko mwaka jana, na hawaogopi mtu. Shida yao ni dakika ya mwisho. Mtoto anaongoza kwa pointi, halafu anageuza shingo kutazama kiti cha mwalimu kando ya mkeka, asikie muda uliobaki na afanye nini. Na kiti kilikuwa kitupu. Kufumba na kufumbua, ameshapinduliwa.

Aliyekiacha kitupu ni mimi. Nilikiacha kwa heshima yako. Nilikupangusa kamasi ukiwa mtoto, lakini mikanda yangu yote, mpaka huu wa kahawia, umenifunga wewe, nikaona haya kukalia kiti cha mkanda mweusi. Nikasimama nyuma yake nimekishika mgongo. Asubuhi ile watoto saba walipanda mkekani, na wote saba walipoteza, mimi nimesimama tu. Ukitafuta wa kumlaumu, usiwaguse wale watoto.

Aliyenizindua ni Uelinton, mtoto wa yule mama muuza supu ya tacacá, na mdomo wake unaujua. Alikuwa wa saba. Alitoka mkekani amepoteza kwa pointi mbili, machozi na kamasi vimechanganyika, akanifokea mbele ya umati: "Shangazi, si ukae! Kiti unamwekea nani, mzimu?" Watu waliangua kicheko. Nikakaa.

Mchana nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walibaki watano, na wanne kati yao wamerudi na medali. Keliane na Tainara wakakutana fainali ya uzito mmoja, wote wetu. Unajua desturi: watoto wa akademia moja hawapigani fainali, mwalimu ndiye anayesema nani achukue dhahabu. Basi wasichana wakanigeukia. Mimi nikatoa simu nikupigie. Ikaita, ikaita. Najua huko kwenu ulikuwa usiku, sikulaumu. Mwamuzi anatazama saa, ananiuliza, "Mama, vipi, tulale hapa?" Ndipo Tainara akaninong'oneza: "Unamuuliza nani, shangazi? Yeye mwaka huu hata hakutuona tukifanya mazoezi."

Neno lile lilinichoma, mdogo wangu. Lilinichoma kwa ajili yako, likanichoma na kwa ajili yangu. Nikarudisha simu mfukoni nikasema: Keliane. Kwa sababu mwaka mzima amekuwa akiwahi kufagia mikeka kabla hata sijafungua madirisha, na kwa sababu kwenye nusu fainali alichomoka kwenye kabali ambayo hata wewe ungegonga mkono kuomba uachiwe. Tainara akamkumbatia, kisha akamwambia, "Mwakani ni yangu, usijizoeshe."

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili: watoto siwakabidhi kwa mtu. Kama una neno, panda ndege, vaa kimono chako cha mazoezi, uje uniambie mkekani.

Nakuandikia haya kwa ukali kwa sababu jana nilirudi nyumbani na hakukuwa na wa kumsimulia. Wewe ulikuwa ukirudi unatuonyesha kila pambano upya, mara umemwangusha Ruan kwenye kochi, maharage yanaungua, Marineide anatupigia kelele. Jana nimepasha chakula, nimekula nimesimama, nikaosha sahani moja. Nina upweke, Edivan. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha kuondoka.

Nisalimie sana Marineide. Mwambie Ruan baiskeli yake haijaguswa na mtu, naipangusa vumbi kila Jumamosi. Dona Zuleide wa ng'ambo ya barabara anawasalimu wote, na baba yako wa ubatizo, mzee Osmarino, anauliza kila Jumapili utarudi lini. Mungu awalinde mkitoka na mkiingia, na awape usingizi mtamu katika nchi ya watu.

Kiti cha kando ya mkeka nimekikalia, na sitakiachia tena. Kile chako cha mezani sijakikalia. Mgeni akija, namletea kingine.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Iracilda