Niliyoyaandika Kuhusu Mkia Wako

Nyumba Na. 6, Mtaa wa Frangipani,
Labrador, Gold Coast,
Queensland.

Jumanne, 16 Juni 2009

Mpendwa mwanangu Tahnee,

Pokea salamu za mama yako mkubwa, na kabla ya jambo lolote niambie, u hali gani huko Hobart? Koo limepona? Taarifa ya habari inasema theluji imeteremka mlimani kwenu hadi barabarani, nami kila nikisikia hivyo nakuwaza, maana uliondoka hapa na sweta moja tu, tena la shule. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi. Hapa kwetu baridi ni ya jina tu. Watu bado wanakula samaki na chipsi ufukweni miguu peku.

Najua hupokei simu zangu, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua unaweza kuiacha mezani hata wiki nzima, ukaifungua siku utakayopenda.

Nianze na safu yangu ya gazeti. Uliisoma, na shule nzima iliisoma, lakini sijawahi kukueleza ilivyoandikwa. Mhariri aliniita mwezi wa pili akasema, "Noelene, hii tamthilia ya wasichana nguva inapigwa picha hapa hapa kwetu. Wewe umefundisha maigizo miaka thelathini. Tuandikie uzuri wake na ubovu wake." Nikamwambia mmoja wa wale watatu ni mtoto wa mdogo wangu. Akacheka. "Basi usimbebe." Neno hilo nikarudi nalo nyumbani. Niliogopa mji usije ukasema Noelene anabeba wa kwao.

Mazuri niliyaandika, na mpaka leo sijayafuta moyoni. Niliandika kwamba *Mabinti wa Mwambani* imepigwa picha ndani ya bahari yenyewe, si bahari ya kuchorwa, na jicho linajua tofauti. Niliwasifu wasichana watatu wanaogombana kwa mambo ya kweli, kama nani anadanganya na nani anachoka kutunza siri, badala ya kugombania mvulana. Nilimsifu bibi yule muuza chambo. Na ile sehemu bahari inapojaa katikati ya mtihani wa hesabu, mkia unaota kama kawaida yao, chini ya dawati, na Perla wako, yule uliyemwigiza, anajikokota hadi stoo ya mipira, nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Na mabaya niliyasema. Maji katika hadithi ile hayamtii mwezi, yanamtii mwandishi. Sehemu ya nne yanajaa mara mbili alasiri moja, kwa sababu tu hadithi ilikwama. Watu wazima wote ni mazuzu. Mwalimu anakuta magamba darasani, anafagia. Hayo nilikuwa na haki ya kuyasema, ndiyo kazi ya mhakiki.

Halafu nikaandika lile la mwisho. Nalinakili hapa kwa mkono wangu nisije nikalikimbia: "Msichana wa tatu anaingia majini kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nguva huyu anayaogopa maji."

Tahnee, sentensi hiyo sikuipata kwenye runinga. Niliitoa kinywani mwako.

Uliniletea mwenyewe jikoni kwangu, Agosti ya mwaka jana, wiki ya kwanza ya kupiga picha. Nywele zilikuwa bado mbichi. Ukaniambia mkia ulijaa maji, zipu ikagoma, ukaenda chini ya bwawa la studio kama jiwe, hadi Merv mpiga mbizi akakuibua kwa kukushika nywele. Nilikuchomea mkate na jibini hukuugusa. Ukasema, "Mamkubwa, sasa maji nayaogopa, hata ya kuoga. Lakini usimwambie mama, ataniondoa." Nami nikasema, "Sisemi."

Ningekwenda studio siku ile ile kuuliza kwa nini bwawa zima lina mpiga mbizi mmoja. Sikwenda. Nilijiambia natunza siri ya mtoto. Kumbe niliitunza mpaka siku nilipokosa sentensi ya kuwachekesha wasomaji, nikaichukua na kuitumia. Watu walinisimamisha sokoni kunipongeza kwa ile ya "hodi". Nilifurahi. Hilo nalo ulijue, nilifurahi.

Shuleni sikuwapo, lakini mama yako alinisimulia akidhani ni utani wa watoto. Ukipita, wanagonga madawati. "Hodi, Perla! Hodi huko majini!" Na mwingine anajibu kwa sauti nene, "Hatukutaki, rudi nchi kavu!" Mama yako alikuwa anacheka akinisimulia, nami nikacheka naye kumridhisha.

Mwezi wa tatu ukamwambia mwongozaji kwamba ile picha ya mwambani utaipiga mwenyewe, bila Merv pembeni na bila kuletewa mrija wa hewa. Ulitaka kuwaonyesha. Ukakaa chini mpaka ukazirai. Mama yako aliambiwa umezidiwa na jua, mimi nikasikia kwa watu wa studio kwamba sivyo. Wiki iliyofuata ukapanda ndege kwenda kwa baba yako, na hukusema sababu.

Basi mdogo wangu akajipa sababu yake. Miezi mitatu, kila Jumapili, aliketi kwenye meza yangu akiuliza, "Nilimkosea nini, dada? Russell ana nini ambacho mimi sina?" Nami nilikuwa namenya boga. Nilimenya maboga mengi kipindi hicho, mwanangu. Nilijua jibu na sikulitoa, kwa sababu kumweleza yako kungekuwa pia kumweleza yangu.

Mwezi uliopita nilimtafuta Merv. Studio ameiacha, sasa anafundisha watoto kuogelea bwawa la mji. Nilimuuliza ilikuwaje siku ile ya mwambani. Alikwenda stoo akarudi na mkia mmoja mkuukuu wa mazoezi ameubeba begani kama gunia. "Bi Noelene," akasema, "mimi si mtu wa maneno. Ingia uone."

Nina miaka sitini na moja. Niliingia kwenye ule mkia wa mpira huku akina mama wawili wakinitazama kutoka kwenye mabenchi, mmoja akauliza kwa sauti kama mimi ndiye nguva mstaafu. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Merv akaniachia. Miguu ikawa kitu kimoja kizito kisichonisikiliza, kichwa kikaenda chini, na nikasahau kabisa kwamba ningeweza kugusa sakafu. Nilimparura Merv mkono mpaka damu ikatoka. Aliponiinua nilidhani nimekaa chini dakika nzima.

"Sekunde tisa," akasema. "Yeye mwambani alikaa zaidi ya dakika mbili. Na kabla ya hapo alizama na mkia huo miezi saba, kila siku ya kazi, huku anatetemeka. Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono mpaka kamera ziwashwe."

Nilirudi nyumbani nikatazama sehemu zote kumi na tatu upya. Safari hii nilikuona. Kila mara kabla ya kuzama unatazama juu kidogo, upande wa kushoto, pale Merv aliposimama. Kisha unazama. Nilifundisha maigizo miaka thelathini na sikujua ninachokitazama. Wale wawili wengine wanaogelea vizuri, lakini wewe ndiye uliyenifanya niamini kwamba kuwa na mkia kunaweza kumtisha msichana. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Sehemu ya tatu unasema maneno yako mbiombio, na kilio cha sehemu ya tisa hakikunigusa. Lakini majini nilikosea, tena nilikosea huku nikijua.

Nilimwomba mhariri nafasi ya kusahihisha. Akasema, "Nani anakumbuka, Noelene?" Hata hivyo atanipa mistari kama nikitaka. Sitaandika hata herufi mpaka useme wewe, maana nikieleza kosa langu nitakuwa nimeeleza tena siri yako. Uhakiki wa msimu wa pili nimemwambia atafute mtu mwingine.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Jumapili iliyopita nilimweleza mama yako yote: la bwawani, la mwambani, na la sentensi yangu. Ahadi niliyokupa nimeivunja mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Kama hilo ndilo litakalokuudhi zaidi, una haki.

Aliendelea kusuuza kikombe kimoja kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Agosti?" Nikasema Agosti. "Mwanangu alikaribia kufa Agosti, nawe ukaja kwangu Krismasi ukala, ukaimba?" Akasema, "Mimi nimekuwa nikimchukia mtoto wangu kidogo kidogo, dada. Umeniacha nimchukie." Akanionyesha mlango.

Jana alirudi. Amekata tiketi ya ndege ya Alhamisi kuja huko. Hakunisamehe, na hakusema atanisamehe. Alisema tu, "Andika lako, nitampelekea. Sitalisoma." Ninavyoandika hivi amekuja kuichukua, ameketi sebuleni kwangu hajavua koti, na chai niliyompa hajaigusa.

Tahnee, mimi nikasirikie kwa muda utakaoona unatosha, usiuharakishe kwa ajili yangu. Lakini yeye hakujua. Akibisha, mfungulie.

Nisalimie baba yako Russell, bibi yako Una, na mdogo wako Angus, mwambie jino likitoka asilimeze. Mwenyezi Mungu akulinde uendako na akupe watu wanaojua kunyamaza na kusema kwa wakati wake, zaidi ya nilivyojua mimi.

Ni mimi nikupendaye, ujibu au usijibu,

Mama yako mkubwa,
Noelene