Mjusi wa Baba Mkubwa

Jumatatu, 11 Novemba

Nimebadilisha maji. Nimefuta kioo. Nimekata majani ya maboga membamba, kama ya mgonjwa. Nimewasha taa ya joto. Meja kapanda juu ya jiwe lake, kafumba jicho moja. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba hii.

Nina diploma ya uhasibu na kazi yangu ni kulea mjusi. Baba alipofariki, kaka yake, Baba Mkubwa Evodi, alinileta hapa kwake Rwamishenye. Alisema atanitafutia kazi. Kazi ndiyo hii.

Mjusi ni wa Denis, mwanawe wa pekee. Denis alikuja naye kutoka Afrika Kusini alikosoma, akaenda Kanada, akamwacha. Mjusi huyu kwao ni Australia. Mnene, rangi ya mchanga, ana miiba kidevuni. Akikasirika kidevu kinavimba na kuwa cheusi, anakuwa kama mzee mwenye ndevu. Kila Jumapili Baba Mkubwa anampiga picha na kumtumia Denis. Denis hajibu. Jumapili inayofuata anatuma tena.

Senene, wale panzi wa msimu wa mvua, wameanza kuanguka. Mji mzima unanuka senene wa kukaanga. Baba Mkubwa amemletea Meja mfuko mzima, wabichi. Nilimwambia nitoe kwanza mbawa na miguu, ni migumu. Alisema niache ujuaji. Amewamwaga ndani wazima, akavuta kiti, akasikiliza wanavyotafunwa. Meja kala mpaka akala na mchanga wa chini. Huo mchanga nao aliutoa Baba Mkubwa ufukweni ili sanduku la kioo lipendeze.

Jumatano, 13 Novemba

Meja hajajisaidia tangu Jumatatu. Kwa kawaida nafuta kinyesi chake kila asubuhi kabla ya chai. Majani hajayagusa. Amelala bapa kwenye kona ya baridi, mbali na taa.

Ma Verediana kapiga simu kutoka Muleba. Ni jirani wa Bibi mzaa baba, kibanja chake cha migomba na kahawa kinapakana na chetu. Anasema Bibi tumbo limejaa, choo hakitoki, chakula hataki.

Wawili kwa siku moja. Ningecheka kama asingekuwa Bibi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwambia Baba Mkubwa yote mawili wakati wa chakula. Nilianza na Bibi. Aliendelea kula. Alisema mama yake anapenda kudekezwa, kila mvua zikianza anaumwa, nimwambie anywe maji ya moto. Nilipofika kwa Meja akaweka kijiko chini.

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yanauma. Mchanga na miguu ya senene vimemziba. Dawa ni joto, maji ya uvuguvugu, kumkanda. Nimeondoa mchanga wote, nimetandika magazeti. Nimemweka kwenye beseni, maji yakiishia mabegani, nikamkanda tumbo taratibu kutoka kifuani kwenda mkiani. Gumu. Unagusa na unahisi kama kuna kokoto. Nimemdondoshea mafuta ya mzeituni pembeni mwa mdomo, na papai lililopondwa. Kanitazama kama mtu anayedhulumiwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna kitu. Kwa Meja wala kwa Bibi.

Umeme umekatika mchana kutwa. Baba Mkubwa kaagiza jenereta iletwe kutoka ghala lake la kahawa. Kwa ajili ya taa ya mjusi.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo Baba Mkubwa kamwogesha Meja mwenyewe. Alikunja mikono ya shati, akapima maji kwa kiwiko kama mama mzazi. Alimwita waitu, wetu kwa Kihaya. Alimwambia pole, pole waitu, itatoka. Sauti laini kabisa. Sikujua kama anayo. Nimemchukia kwa sauti hiyo kuliko kwa matusi yake yote.

Bibi ameanza kutapika.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa nilimwomba Baba Mkubwa gari. Nilipiga magoti. Nilisema Sosi, dereva wake, anipeleke Muleba tumchukue Bibi, tumfikishe hospitali, tutarudi mapema.

"Gari langu si la kubebea vikongwe wanaotapika," akasema. "Kiti kitanuka mwaka mzima."

Mama yake. Aliyembeba mgongoni.

Kisha kamshika Meja chini ya miguu ya mbele, kamnyanyua aonekane yu hai, akaniambia nipige picha. Nimepiga. Picha ya kwanza ikaharibika, akaniita mjinga. Katuma. Denis hajajibu.

Jumatatu, 18 Novemba

Meja anaburuta miguu ya nyuma. Ya mbele inatembea, ya nyuma inafuata kama kamba. Nimesoma kwamba kilichoziba kinabana neva za mgongo. Hapo si pa beseni tena, ni pa daktari. Nilimpigia afisa mifugo. Alisema yeye ni wa ng'ombe na nguruwe, mjusi hajawahi kumshika na hataki.

Ma Verediana kalia kwenye simu. Tumbo la Bibi limekuwa ngoma, hata upepo hautoki. Anachotapika kinanuka kama choo. Vijana wa pale walitaka kumbeba kwa machela hadi barabarani, mvua ikawarudisha.

Nimemwambia tena Baba Mkubwa. Alisema kila mtu ana siku yake.

Basi nimedanganya. Nimemwambia yupo daktari wa wanyama mgeni, anajua mijusi, yuko Muleba, kesho mchana anaondoka. Sikumaliza sentensi. Alikuwa ameshampigia Sosi simu gari litiwe mafuta.

Jumatano, 20 Novemba

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa nje ya wodi.

Tuliondoka asubuhi. Meja kwenye boksi la viatu juu ya mapaja yangu, chupa ya maji ya moto imefungwa kitambaa pembeni yake. Baba Mkubwa alisimama dirishani akasema nikimrudisha amekufa nisirudi.

Tulipopita Muleba mjini, Sosi akapunguza mwendo. Ni dereva wa Baba Mkubwa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hana maneno mengi.

"Daktari yuko upande gani?"

"Kwa Bibi."

Alizima redio. "Adelina, nina watoto."

"Najua."

Akakata kona ya kwenda kwa Bibi.

Ile njia ya mawe ndiyo iliyofanya kazi ambayo beseni lilishindwa. Gari liliruka, boksi likaruka, na ghafla nikahisi uvuguvugu kwenye sketi. Meja alikuwa amejisaidia. Donge jeusi, refu, mchanga na miguu ya senene vimeshikamana kama simenti. Halafu jingine. Halafu maji meupe. Akainua kichwa. Mguu wa nyuma mmoja ukasukuma kidole changu. Nililia kwa furaha, naapa. Nilimwambia Sosi amepona. Sosi akasema, "Sasa bado mmoja."

Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni. Mikono mikavu kama kuni, tumbo la mwanamke wa kujifungua. Hakunitambua mara moja. Aliniita jina la mama yangu. Tulimlaza kiti cha nyuma, na ndiyo, alitapika, na ndiyo, kiti kinanuka. Ma Verediana alikaa naye. Mimi mbele na boksi.

Hospitalini walimpokea mbio. Daktari kijana alimgonga tumbo kwa vidole, akasikiliza, akasema utumbo umejisokota. Kupasuliwa leo hii, la sivyo anakufa. Akauliza nani atatoa damu. Mimi walinikataa, yangu pungufu. Ma Verediana mzee. Sosi alikunja mkono wa shati bila kuulizwa. Alikuwa amefunga gari, vioo juu, kwa sababu ya wezi.

Boksi lilikuwa kwenye kiti cha mbele.

Mvua ilikuwa imekatika na jua likatoka, lile kali la baada ya mvua. Mimi nilikuwa nje ya chumba cha upasuaji nasali. Sikumkumbuka. Niandike hivyo hivyo. Hata mara moja sikumkumbuka. Sosi aliporudi kwenye gari na pamba mkononi, mlango ulimchoma. Meja alikuwa mgongo chini, mdomo wazi, ndevu nyeusi tii. Alikuwa amekwangua kona ya boksi mpaka karatasi imechanika.

Amepona tumbo, akafa kwa kusahauliwa.

Bibi alitoka akiwa hai. Wamemkata kipande cha utumbo kilichooza.

Alhamisi, 21 Novemba

Baba Mkubwa kaja. Suti, viatu vinang'aa, alikodi gari. Alinikuta kwenye benchi.

"Yuko wapi?"

"Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Amefumbua macho leo."

"Mjusi."

Nilimpa boksi. Alifungua, akaangalia kwa muda mrefu. Nilisubiri kofi. Halikuja. Alifunika, akaliweka kwapani, akatembea hadi mlango wa wodi. Nilidhani anaingia. Alisimama pale, akachungulia mama yake mwenye mpira puani, kisha akageuka akaenda kwenye maegesho.

Huko nilimsikia akimfokea Sosi. Hakuwa na haja ya kupaza sauti vile, Sosi alikuwa anatazama chini tu. Amemnyang'anya funguo mbele ya watu. Kwa kumfunga mjusi ndani ya gari, na kwa kiti.

Sosi kapita mbele yangu akielekea stendi. Nikasema nisamehe. Akasema, "Bibi yako hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema haya. Hakugeuka.

Ijumaa, 22 Novemba

Nguo zangu zimeletwa kwenye kiroba. Na kiatu kimoja tu. Nimefukuzwa rasmi.

Sisikitiki kuondoka. Kinachoniuma ni Sosi. Kinachoniuma pia ni Meja, na naona aibu kwamba kinaniuma. Nikilala naona ile kona ya boksi.

Bibi kajamba. Nesi kapiga makofi. Wodi nzima imecheka, mpaka mama mmoja mwenye mshono kaomba wanyamaze asije akafumuka.

Jumapili, 24 Novemba

Baba Mkubwa karudi. Sikutegemea. Bila suti. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono katikati ya magoti. Bibi alikuwa macho. Wodi nzima ilijifanya haitazami.

Bibi akamuuliza habari za Denis. Daima anamuulizia Denis. Kama amesikia kwamba bibi yake kapasuliwa, kama ametuma salamu.

Baba Mkubwa alitoa simu. Sijui kwa nini alifanya vile. Labda alitaka kumwonyesha kwamba mtoto amejibu, kwamba safari hii amejibu. Akafungua ujumbe wa sauti, jibu la taarifa ya kifo cha Meja, akaweka sauti juu.

Denis alikuwa anatembea, kelele za magari nyuma yake. "Ah, pole mzee. Kumbe alikuwa bado hai? Mimi nilijua ulishamgawa zamani. Haya, niko kazini."

Basi. Ujumbe wote ndio huo. Hakuna Bibi ndani yake. Hakuna hata shikamoo.

Baba Mkubwa aliendelea kuitazama simu mpaka ikazima mwanga. Nilifurahi. Siandiki uongo humu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na nikafurahi mpaka mashavu yakawa ya moto. Nikasema, "Zile picha za kila Jumapili, kumbe alikuwa hafungui."

Hakuna aliyeniomba niseme. Uso wake ulishuka wote kwa pamoja. Bibi alinigeukia kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo. Kisha akanyoosha mkono wenye bomba la dripu, akautafuta mkono wa mwanawe juu ya shuka.

"Evodi. Umekonda. Unakula?"

Akasema anakula. Muongo.

Jumamosi, 7 Desemba

Muleba. Tuko kibanjani tangu wiki iliyopita. Mvua asubuhi, jua kidogo, mvua. Nimepalilia mibuni upande wa Ma Verediana. Mgongo unauma vizuri.

Nimempigia Sosi. Simu inaita mpaka inakatika. Mkewe aliwahi kupokea mara moja, akasema Sosi anabeba mizigo bandarini na hana la kuzungumza na mimi. Nitapiga tena, kisha nitaacha.

Baba Mkubwa kafika mchana kwa basi, ametembea kutoka barabarani, suruali ina matope hadi magotini. Nimemwamkia, ameitikia. Zaidi ya hapo hatuna. Sijamsamehe, naye hajaniomba, na mimi sijamwomba kwa nilichosema wodini.

Bibi alitaka mkungu wa ndizi uliopo nyuma ya jiko ukatwe. Alikwenda Baba Mkubwa. Ana miaka mingi hajashika panga. Alikata shina mahali pasipo, mgomba ukaanguka juu ya mibuni michanga, ndizi zikapondeka. Bibi kamtukana kwa Kihaya kutoka kwenye kiti chake, matusi ya mtoto mdogo, akiwa ameshika mshono wake. Baba Mkubwa kasimama na panga lake, akasikiliza yote hadi mwisho.

Nimemenya zile ambazo hazikupondeka. Tumekula watatu. Bibi amekula kidogo, kisha akaongeza.

Sasa Bibi amelala ndani. Baba Mkubwa amekaa kizingitini, anakwangua matope kwenye viatu kwa kijiti. Basi la mwisho limeshapita naye hajainuka. Nimemtandikia mkeka chumba cha mbele.