Namba ya Spirit kwenye Gari la Rehani

Jumatano, 8 Januari 2025

Gari la Rehani limekunywa spirit na limewaka! Limewaka, likanguruma, likaenda hadi barabara kuu ya Bagamoyo na kurudi! Haya, sasa ndiyo bismillahi.

Rehani, mwanangu mimi! Yule waliyesema shule imemshinda. Kaitoa kompyuta ya injini iliyokuja na gari, kaweka nyingine ya kununua, kaipanga mwenyewe na laptop pale gereji, yeye na Adrian mwenzake. Spirit yenyewe ya miwa, analetewa kwa madumu, anachanganya na petroli. Akiipata nyingi anaweka nyingi, akiikosa anaweka kidogo. Nikamuuliza, sasa injini itajuaje imepewa nini? Akacheka, akanikalisha kiti cha mbele kama mke wa mbunge. Kumbe kuna sensa kwenye bomba la mafuta, inaonja. Kisha kuna kidude chenye kioo kidogo juu ya dashibodi, kinaandika namba. Leo sitini na mbili. Yaani katika mia, spirit ni sitini na mbili!

Akaendelea kunieleza jinsi kidude hicho na kompyuta vinavyosemezana. Hapo sikusikia tena. Nilikuwa namtazama tu anavyosema, mikono inavyokwenda. Marehemu baba yake angemwona!

Nimeshawaambia majirani wote. Na muuza samaki pia.

Ijumaa, 10 Januari

Kesho tunapeleka posa Miono, kwa Maalim Yahya, tumposee Rehani binti yake, Kuruthumu. Inshallah ndoa kabla ya Ramadhani. Nitavaa lile gauni la zambarau nililolishona mwenyewe. Tutakwenda na gari la Rehani, nataka walione. Ila mwenyewe haendi, mtu haendi kwenye posa yake. Ataendesha Adrian. Mtoto mzuri, Mkristo wa watu, kila asubuhi shikamoo mama hata kama ana haraka.

Wifi yangu Fatu amekuja kunitia kidonda. Kalizunguka gari, kanusa, kaziba pua na kanga. Eti gari linalokunywa pombe ndilo la kupelekea posa kwa maalim wa madrasa? Na namba mmeiandika hapo mbele asome! Nikamwambia wifi, gari haliswali. Akasema, wewe cheka, watu wa Miono watatuuliza mtoto mwenyewe anakunywa ngapi.

Nimecheka. Lakini limeniingia.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeichomoa. Nyuma ya kile kidude kuna plagi ndogo, laini kama ya taa ya cherehani yangu. Ta! Kioo kikazima. Hakuna namba, hakuna pombe. Rehani kaenda kutuletea maji ya njiani, hakuona. Twende zetu Miono!

Jumapili, 12 Januari

Sijui nianzie wapi.

Tulipotoka tu Mapinga, Adrian akaona kioo kimezima. Mama, mbona hiki hakiwaki? Nikamjibu Rehani amekizima mwenyewe. Hivyo hivyo, bila kupepesa macho. Akasema haya mama, kama ni yeye. Fatu nyuma akanibonyeza bega kwa furaha.

Bagamoyo tumepita vizuri. Mbele, kabla ya kufika Kiwangwa, kuna mwinuko. Gari likaanza kugonga ndani, kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Adrian akaondoa mguu, akasema mama hapa hapana. Ikatoka pu! Moshi. Kimya.

Akashuka, akafungua boneti. Mshenga wetu Mzee Mwinjuma anasoma dua, Fatu anasema nilisema. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha mkono nikairudisha ile plagi. Adrian alipokuja kuzungusha ufunguo, kioo kikawaka. Hamsini na tisa. Akakitazama kile kioo. Akanitazama mimi. Kisha akarudi kwenye boneti.

Miono tumefika na lori la mananasi. Adrian akabaki na gari. Mimi na gauni langu la zambarau juu ya mananasi, Fatu kachomwa na majani kila alipokaa, Mzee Mwinjuma kashika kilemba. Watoto wa Miono walitukimbiza wakiimba.

Na sasa hili. Tumeketi, tumesalimiana, tumelishwa wali, posa imesomwa, Maalim akauliza: lile gari linalojipimia mafuta, alilonisimulia Mzee Mwinjuma, liko wapi? Nilitaka kuiona hiyo namba. Fatu akasema kwa aibu, Maalim, lile si linatumia spirit? Akacheka mpaka akakohoa. Bibi, mimi mke wangu anapikia spirit hapo uani, wali wake umekulevya?

Ningeomba ardhi ipasuke. Alitaka kuiona! Alitaka kuiona namba!

Jumanne, 14 Januari

Wamefungua injini. Pistoni moja imetoboka, tundu la kupita kidole. Rehani kaishika kama kifaranga aliyekufa.

Leo nimesikiliza vizuri. Nikamuuliza, hivi kile kioo kikizimika inakuwaje? Akanijibu bila kuniangalia. Kikizimika, mama, kompyuta inadhani ni petroli tupu. Inamwaga mafuta kwa kipimo cha petroli, na spirit inataka mengi zaidi. Yanakuwa machache, injini inawaka moto inajila yenyewe. Lakini kioo kilikuwa kinawaka, Adrian mwenyewe ameniambia kilisoma hamsini na tisa. Sasa imeungua kwa nini?

Kisha akamgeukia Adrian. Ulikanyaga, siyo? Ulitaka kuwaonyesha wazee mbio! Adrian kainamisha kichwa. Labda nilikanyaga, kaka. Labda! Rehani akatupa spana. Maneno mengi, mengine siyaandiki.

Adrian alinitazama mara moja tu. Nilikuwa na sinia la chai mkononi. Nikauliza nani anataka sukari.

Alhamisi, 16 Januari

Adrian amechukua vyombo vyake. Rehani kamwambia asirudi. Gereji wameijenga wawili, tangu wanatengeneza pikipiki chini ya turubai.

Amepita kuniaga. Shikamoo mama. Marahaba. Nikamshika mkono, nikamwuliza kwa nini hukumwambia niliyokuambia njiani? Akasema, mama, nitamwambiaje mtu mama yake ni mwongo wakati posa yake bado haijajibiwa?

Mwongo. Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana linauma.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekutana na Gertruda, mama yake Adrian, Bagamoyo sokoni. Kwa kawaida ananipigia kelele tangu mbali, wee mama injinia! Leo amengoja nimfikie. Akasema mwanao kamfukuza mwanangu, na mwanangu halali, hali, hasemi. Mimi na wewe tumekoseana nini? Nikamwambia mambo ya vijana hayo, yatapita. Tena nikaanza kumsifia Rehani! Mdomo huu! Gertruda akaniangalia, akanunua dagaa wake, akaondoka.

Nimerudi bila kununua nilichofuata.

Jumanne, 21 Januari

Nilimwita Rehani nimwambie. Akaja na jasho, akaketi, akasema mama, katika watu wote, wewe peke yako hujawahi kunidanganya.

Nikamwambia nenda kaoge, chakula tayari.

Alhamisi, 23 Januari

Mzee Mwinjuma ametoka Miono. Maalim anataka kuleta jibu mwenyewe, hapa hapa Mapinga, Jumapili. Nikapiga kigelegele, akaninyamazisha. Bado, Mama Rehani. Maalim kasikia habari ya yule kijana Adrian. Kasema hivi: anayemfukuza ndugu yake kwa ajili ya chuma, bila kujua kwanza kilichotokea, binti yangu nimkabidhi? Atamwuliza Rehani mbele ya watu wote. Na Rehani kajibu ataeleza, kwamba Adrian aliua gari kwa mbio. Ataapa hivyo! Ataapia uongo wangu akidhani ni ukweli wake!

Nimekaa kwenye cherehani, sijashona hata pindo. Nimewaza, akijua, ataniangaliaje? Nimewaza, asipojua, atakuwa mtu gani?

Jioni nimepanda bajaji mpaka kwa Gertruda. Adrian alikuwa uani anaosha pikipiki. Nikamwambia baba, njoo kwetu Jumapili. Akasema mama, Rehani hataki kuniona. Nikamwambia hujaitwa na Rehani, nimekuita mimi. Njoo na mama yako. Gertruda akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kuna nini Jumapili? Nikasema pilau. Akasema pilau tu? Nikapanda bajaji yangu.

Nilipopita gereji nikirudi, Rehani alikuwa peke yake, kaweka injini nyingine ya mtumba. Kioo kile kinawaka. Nimenyoosha kidole nikaigusa tu ile plagi, sikuichomoa. Akaniuliza unatafuta nini mama?

Nikasema natazama namba.

Mchele nimeshachambua. Mikeka nimeazima kwa Fatu. Maalim na watu wake, Mzee Mwinjuma, Fatu na mdomo wake, Gertruda, Adrian. Wanakuja wote Jumapili, baada ya adhuhuri. Rehani asiape kabla sijasema mimi.