Kazi Kabla ya Uigizaji

Jumatatu, 3 Machi

Leo wametugawia fomu, sisi wote wa tamthilia. Kituo kitafanya kipindi cha kututambulisha kwa watazamaji. Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, moja kwa moja hewani, watu wamekaa ukumbini wanapiga makofi. Kila mwigizaji aeleze alikotoka.

Fomu yenyewe ina mistari midogo kama njia ya sisimizi. Na mimi nina macho ya darasa la nne — na hilo la nne sikulimaliza. Mstari mmoja nimeusoma mwenyewe: Kazi kabla ya uigizaji.

Nimecheka. Kana kwamba uigizaji ndiyo kazi, na ile nyingine ilikuwa mapumziko!

Nimempa mwanangu anijazie. Yeye ni naibu mkuu wa shule, herufi zake zinasimama mstarini kama wanafunzi wake. Nimemtajia majibu yote, neno kwa neno. Akaandika, ndiyo Mama, ndiyo Mama. Nimetia sahihi chini. Ataipeleka yeye kesho, kituo kiko njiani kwake.

Jumanne, 4 Machi

Mpambaji ameniuliza leo, huku ananipaka poda, niliingiaje kwenye mambo haya.

Niliingia kwa ugomvi. Mwaka juzi walikuja mtaani kwetu na kamera zao, wakatundika nyaya kwenye kamba yangu ya nguo. Juu ya mashuka yangu meupe! Nikatoka. Niliyowaambia siyaandiki hapa, daftari ni la kituo. Nilipomaliza, mwongozaji akaniuliza kama naweza kuyasema tena, lakini nikiangalia huku. Nikayasema tena. Mpaka leo nayasema. Mimi ndiye mama mwenye nyumba, nafukuza wapangaji na kufunga bomba la maji. Sokoni watu wananikwepa. Vizuri, napata nafasi ya kupita.

Daftari hili walinipa niandikie maneno ya kukariri. Maneno mimi nayashika kwa sikio, mara mbili yametosha. Basi daftari limebaki langu.

Alhamisi, 6 Machi

Wamebandika picha zetu kwenye korido ya kituo. Kubwa! Chini ya kila picha, jina na kazi ya zamani. Nimepita nasoma polepole, kidole ukutani.

Anayeigiza daktari: "Mtaalamu wa mifugo." Mtaalamu! Alikuwa na bucha. Mwenyewe aliniambia, na ndiyo maana anashika kisu cha upasuaji kama amezaliwa nacho. Anayeigiza mke wa tajiri: "Mshauri wa urembo." Alikuwa msusi, akikaa chini ya ngazi za benki, na vidole vyake vina baraka. Sasa hizo ngazi zimemkosea nini? Anayeigiza inspekta: "Masuala ya usalama." Alikuwa mlinzi wa geti, akafukuzwa kwa kulala kazini. Kiwanda chenyewe cha magodoro. Huyo simlaumu.

Nimecheka peke yangu mpaka mfagizi akaniangalia. Halafu nikafika kwangu.

"Muuguzi mstaafu. Miaka thelathini na moja."

Nimesoma mara tatu. Kicheko kikaniganda mdomoni.

Mimi sijawahi kumpima mtu hata joto. Mimi nilikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia, ghorofa ya chini, nyuma ya jiko, miaka thelathini na moja. Hakuna aliyezaa, aliyepona wala aliyekufa mle bila kulalia shuka lililopita mikononi mwangu. Hayo ndiyo niliyomtajia mwanangu. Na akasema ndiyo Mama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwake. Nimemkuta anasahihisha madaftari ya watoto wa watu, kalamu nyekundu mkononi. Nikamwambia aanze na lake.

Akanikaribisha kiti. Nikasema nitakaa nikishajua nakaa na nani.

Ikatoka yote. Alipokuwa anaolewa, mama wa mume wake alimuuliza mama yako anafanya kazi gani. Akasema, hospitali. Yule akadakia mwenyewe, aa, muuguzi! Na mwanangu akanyamaza. Basi. Kunyamaza mara moja. Uongo huo sasa una miaka kumi na minane, ungekuwa mtu ungepiga kura.

Hapo nilikaa. Nilimkumbuka Mkwe, huyo huyo mama wa mume wake. Miaka yote hiyo, kila tukikutana, ananieleza magoti. Ananieleza presha. Mimi nikidhani ni mazungumzo ya uzee tu, wazee tukikutana hubadilishana maumivu kama watoto wanavyobadilishana gololi. Namwambia weka mguu juu ya mto. Kunywa maji. Usibebe ndoo. Na yeye anatii! Siku moja, kwenye harusi, mbele za watu, alinitolea ulimi. Nikautazama. Nikamwambia mzuri.

Nimemuuliza mwanangu, ni shuka gani nililoiba, ni aibu gani niliyokuletea. Akaweka kalamu chini. Hakupandisha sauti.

"Mama, ulinifulia sare kwa ile dawa ya hospitali. Nilikuwa mweupe kuliko darasa zima. Na hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na mimi, kwa harufu. Waliniita Wodi."

Sikulijua hilo. Nilikuwa nikisimama getini pale namwangalia anavyong'aa, nasema moyoni, haya, nani mwingine ana mtoto kama huyu.

Nimemwambia pole. Na pole yangu ni ya kweli. Halafu nimemwambia, na bado nilikuwa dobi.

Akasema nikilitamka hewani, yeye ataishi vipi na wale wakwe. Wataona amewacheza miaka kumi na minane. Nikamwambia amewacheza, kwa hiyo wataona sawasawa. Nimempa mpaka Ijumaa ijayo amwambie Mkwe kwa mdomo wake mwenyewe. Asipomwambia, Jumamosi nitaulizwa mimi, na mimi nikiulizwa najibu.

Chai yake sikuinywa. Ilikuwa imewekwa sukari vizuri, lakini sikuinywa.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe kaja bila taarifa. Amepanda ngazi zangu kwa kuvuta mguu mmoja, na simu mkononi — mtu amempigia picha ile ya ukutani. Amefurahi kama yeye ndiye aliyebandikwa. Jumamosi anakuja ukumbini, kiti cha mbele, ameshaahidiwa.

Halafu akapandisha gauni, akaniwekea goti mbele.

Goti limevimba! Linang'aa kama biringanya. Nikaogopa, nasema kweli. Kwa sababu nimelitazama goti hilo miaka kumi na minane, na ushauri wangu wote ulitoka kwenye beseni.

"Mkwe wangu," nikamwambia, "goti hili lipeleke kwa daktari."

"Si ndiyo nimelileta hospitali?" Akacheka, akanipiga paja.

Maneno yalinifika kwenye meno. Nikayameza. Nilimwahidi mwanangu mpaka Ijumaa, na ahadi ni deni hata kwa mtoto mjinga. Lakini sasa si jina langu tu. Mwanamke wa watu ataoza mguu kwa kuniheshimu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo wamempiga risasi inspekta. Kwenye mchezo, lakini amelala vizuri, uzoefu anao. Shuka limejaa damu, na fundi wa mavazi nikamkuta analijazia maji ya moto. Nikapiga kelele studio nzima ikageuka. Baridi! Damu ukiichemsha inashika uzi, hutaitoa mpaka kiama!

Akasema, Bibi, hii ni sharubati na rangi. Nikamwambia hata kama, mkono usizoee vibaya.

Akaniangalia kwa heshima. Akasema kweli uuguzi haumtoki mtu.

Nikaondoka pale pale mpaka ofisini kwa mama wa matangazo, yule mwenye kucha ndefu. Nikamwambia abadilishe. Akanieleza taratibu, kama anaeleza mtoto: picha zimeshachapwa, kadi ya mtangazaji imeshaandikwa. Na muuguzi anagusa watu, lakini dobi... watu wataona haya kwa niaba yangu.

"Huyo muuguzi wako alimlaza mgonjwa juu ya nini? Juu ya hewa?"

Akasema wataangalia. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na moja. "Tutaangalia" najua maana yake.

Daktari wetu alikuwa mlangoni, akasikia. Akanishauri niache, ni karatasi tu, hata yake imepambwa. Nikamwambia bucha lilimlisha yeye na ndugu zake sita, na leo analikana mbele ya picha. Akatazama viatu. Viatu vizuri, vya mchezo.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu hajapiga simu. Mimi pia sijapiga. Tuone nani alimzaa nani.

Ijumaa, 14 Machi

Mpaka jioni hii hajamwambia. Najua kwa sababu Mkwe amenipigia mwenyewe kuniuliza anywe kidonge cha rangi gani. Rangi gani! Nimemwambia asimeze kitu, aende kwa daktari, asiponisikia sitamsemesha tena. Akajibu: "Sawa, Sista."

Sista.

Nimefungua sanduku. Gauni langu la kazi lipo. La buluu, vifungo sita mbele, na mfukoni namba 14 kwa uzi mwekundu, nilidarizi mwenyewe wiki ya kwanza ili wasiniibie. Kifungo cha kifuani kinaning'inia. Nimelijaribu. Linanitosha, mradi nisicheke sana. Harufu ya ile dawa bado imo, miaka yote hii. Nimelinusa nikamkumbuka mtoto peke yake kwenye dawati.

Nimelipiga pasi hivyo hivyo.

Simchukii mwanangu. Nimeandika hapa ili niione kwa macho. Simchukii. Lakini sitakufa muuguzi. Mtu akinizika ajue anamzika nani.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tisa na kitu. Niko chumba cha mapambo, nasubiri kuitwa. Daftari liko juu ya mkono wa kiti.

Waliniletea gauni la zambarau lenye vitu vinavyometameta. Nimewaambia wakalitundike dirishani liwe pazia. Nimevaa la buluu. Mama wa matangazo aliponiona alishika mdomo, akanikumbusha kwamba mtangazaji ana kadi yake. Nikamwambia mtangazaji ana kadi, mimi nina mdomo.

Ukutani kuna televisheni inaonyesha ukumbi. Mkwe namwona, kiti cha mbele, mguu kaunyoosha. Kiti cha pembeni yake kitupu. Kilikuwa cha mwanangu.

Msusi ameshapita, amesema mshauri wa urembo, amepigiwa makofi. Sasa ni Daktari. Mtangazaji amemsoma: mtaalamu wa mifugo! Akamuuliza, mifugo ya aina gani? Mpambaji wangu ameshusha brashi. Jamaa ametazama viatu vyake. Halafu akasema:

"Iliyochinjwa."

Ukumbi umevunjika kwa kicheko, na yeye anacheka, na mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua gunia. Kumbe ananisikia nikisema!

Mlango umefunguka. Nilidhani ni wa kuniita.

Ni mwanangu. Anahema, amepanda ngazi mbio, yeye ambaye hukataza watoto kukimbia. Ameniangalia. Gauni, namba, gauni. Mimi nilikuwa na maneno tayari, shehena nzima, nimeyapanga tangu alfajiri.

Akasema, "Mama, kifungo kinaning'inia."

Amemwomba fundi wa mavazi sindano. Akapewa na uzi mweupe, akaukataa, akataka wa buluu. Sasa amepiga magoti mbele yangu na nguo zake za unaibu, anashona. Naandika juu ya kichwa chake. Mvi zimeanza kumtoka hapa katikati, sikuwa nimeziona.

Nimemuuliza, umemwambia Mkwe? Hajajibu. Ana uzi katikati ya meno. Labda ni uzi. Labda hataki.

Pua yake iko kifuani kwangu, kwenye ile harufu. Hajaitoa.

Wamegonga. Bibi, dakika mbili! Kwenye televisheni Daktari anainuka, anapeana mkono na mtangazaji. Mkwe anageukageuka, anatafuta mtu.

Kifungo kimekwisha, uzi ameukata. Nimetaka kuinuka. Amenishika gauni. Hajasema nikae, hajasema niende.

Wamegonga tena. Ametunga uzi mwingine, anakaza kifungo cha pili — na cha pili hakikuwa kimelegea.