Nilimwambia Mama Kimya Hafai

Nyumba ya Walimu Na. 4,
Chuo cha Ushonaji,
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unainua yale masufuria ya jikoni hospitalini peke yako? Shemeji naye hajambo? Sisi ni wazima wa mwili. Mama anatembea mpaka getini na kurudi, na bado anagombana na redio.

Mimi ndiye siko sawa, na nimeona nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Unajua nafundisha kukata nguo. Unajua na ninavyofundisha: naandika vipimo ubaoni, nasoma kwa sauti, wananakili, kisha mtihani. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na nilishika. Muhula huu nimepata mwanafunzi wa makamo, mjane, wenzake wanamwita Mama Kimya. Daftari lake lilikuwa vurugu tupu, robo na nusu zimepandana. Mitihani mitatu aliambulia sifuri. Baada ya ule wa tatu uvumilivu ukaniisha, nikamwambia mbele ya darasa zima, "Mama, usijichoshe. Kazi hii inataka kichwa." Akakunja kitambaa chake, akatia mkasi mfukoni, akatoka. Ulimi wangu unaujua, hauna breki.

Wiki mbili baadaye mlinzi wetu alikuja kazini na koti jipya. Nikamwomba alivue, nikaligeuza ndani nje, nikalipitia mshono kwa mshono. Sikuona kosa. Mabega yamekaa vizuri kuliko ninavyoyakalisha mimi. Nilipouliza nani kalishona, akasema ni jirani yake, Mama Kimya. Alifumua koti kuukuu, akapanga vipande sakafuni, akavishika kimoja kimoja mpaka akaelewa.

Nilimfuata nyumbani kwake. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwalimu, ukisoma vipimo napotea. Ungenipa kitambaa mkononi ningekuelewa."

Nikamwomba arudi. Akasema atarudi nikishayafuta maneno yangu mbele ya wale wale walioyasikia.

Jumatatu nikayafuta. Nilisimama mbele yao, mimi wa miaka ishirini na mbili ubaoni, nikasema nilikosea. Kisha nikauliza nani mwingine huwa hanielewi. Mikono kumi na mmoja, katika darasa la watu kumi na tisa. Kuna waliotaka nichore, kuna waliotaka nikate wakiona. Siku zote walinakili kwa kuniogopa tu. Sasa tunafumua nguo kwanza, vipimo baadaye. Mama Kimya anakaa mbele, ila bado hanitazami usoni.

Lakini kinachoninyima raha ni wewe. Ulipokuwa darasa la sita nilikufundisha hesabu mezani kwetu. Ulikuwa ukihesabu kwa vifungo vya mama, nami navikumba chini, nataka jedwali ulitoe kichwani. Mwisho nikamwambia mama kwamba shule haikufai, naye akanisikiliza, akakutoa. Hujawahi kujua kwamba ni mimi. Na leo unapikia wagonjwa mia tatu bila kuandika kipimo hata kimoja.

Sijui kama jambo la namna hii linaombewa msamaha kwa karatasi. Naomba. Ukitaka kukasirika, kasirika, nijibu tu.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mama anakusalimu sana, hajui ninachokuandikia. Mungu akulinde, aupe na huo mgongo nafuu.

Wako akupendaye, ingawa nilichelewa kukuelewa,

Dada yako