Mteremko Ulioniachia

Mpendwa Baba Neema,

Leo karakana yako ya baiskeli imepata wageni. Vijana watatu wa kujitolea, wawili wa hapa hapa Igamba na binti mmoja kutoka Msangano, anaitwa Sekela. Mchungaji ndiye aliyewaleta, akawaambia mama atawaelekeza kama alivyofanya marehemu. Marehemu ni wewe. Neno hilo bado sijalizoea.

Niliwaonyesha yote: spana zinakaa wapi, beseni la kutafutia pancha, na kwamba kabla hujagusa baiskeli ya mtu umuulize anabebea nini, maana baiskeli ya gunia la kahawa si sawa na ya mtoto wa shule. Nikatia hata ule utani wako, kwamba baiskeli ni kama mke, ukisikia inalia ujue umeipuuza. Hawakucheka. Ulipousema wewe, watu walishika mbavu, nami nikakununia kwa mzaha.

Kisha tukafika kwenye breki. Kila kijana mgeni alipofunga breki zake za kwanza, wewe hukukagua kwa macho. Ulipanda baiskeli mwenyewe, na kitambi chako, ukateremka nayo mpaka darajani. Nimekugombeza mpaka nikachoka. Ukanijibu, "Mama Neema, nisipomkabidhi uhai wangu, atafunga breki kimchezomchezo." Ulirudi unasukuma, unahema, unamwambia, "Wewe ni fundi," na kijana wa watu anasimama wima kama bwana harusi. Baada ya hapo hata umfukuze haondoki.

Leo Sekela alifunga za kwake, akaniletea. Nikashika usukani, nikasimama pale juu ya mteremko, miguu ikagoma. Sikuogopa kuanguka, maana baiskeli ulinifundisha wewe nikiwa msichana. Nilitazama kule chini, nikaona nikifika salama sina wa kumwambia nimefika. Binti akaniuliza polepole, "Mama, hujaiamini kazi yangu?" Nikamwambia kazi yake haina kasoro, mwenye kasoro ni mimi. Sidhani alielewa.

Akaichukua mikononi mwangu kwa adabu, akapanda mwenyewe. Breki zilishika. Akarudi anahema, ananitazama usoni, anangoja. Nilijua anangoja nini. Nikafungua kinywa nimwambie yeye ni fundi, kikatoka kilio.

Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Wangekuja wakae hapa siku moja. Lako lipo kila kona, mimi ndiye nisiyeliweza, na kijana hajitolei ili aje kumtazama mjane akilia. Wale wawili walikusanya spana bila kuambiwa. Wakanawa wote watatu, wakanipa mkono mmoja mmoja, pole mama, pole mama, wakaondoka wameinamisha vichwa kama watu watokao msibani. Hakuna aliyeniuliza kesho tunafungua saa ngapi.

Pumzika, mume wangu. Mimi nimechoka, na pa kupumzikia sipaoni.

Mkeo,
Mama Neema